Betri ya moyo: Altrasaundi inavyomwonyesha daktari mshipa kabla ya sindano

Karibu kila mama aliyehudhuria kliniki ya wajawazito miaka ya karibuni anaikumbuka altrasaundi: kulala chali, ute wa baridi tumboni, halafu picha ya kijivu ambayo mtaalamu anaielewa na mama anaitikia tu kwa kichwa. Wachache wanajua kuwa mashine ya aina hiyo hiyo inaweza kuwekwa chini ya bega la bibi wa mtoto huyo, siku bibi anapowekewa betri ya moyo, ili sindano isikosee njia.

Chukua mfano wa bibi wa miaka 72, mkazi wa Mbagala, anayeishi na binti yake na wajukuu wawili. Binti anatoka saa kumi na moja alfajiri kuwahi gari, bibi anabaki na watoto. Kwa miezi mitatu bibi amekuwa akilalamika kizunguzungu na kuchoka. Akitoka chooni mpaka sebuleni anatafuta pa kushika. Nyumbani wamesema ni presha, wengine wamesema ni umri, jirani mmoja amesema bibi hali vizuri.

Asubuhi moja anaanguka jikoni akiwa amembeba mjukuu wa miaka miwili. Sufuria ya uji iko hatua moja tu kutoka pale walipoangukia. Mtoto anatoka na mchubuko wa paji la uso. Bibi anazinduka ndani ya nusu dakika, anashangaa kwa nini yuko chini na kwa nini mtoto analia.

"Nimeona giza tu, mwanangu," anamwambia bintiye kwenye simu. "Nimeshapona, usihangaike kutoka kazini."

Bintiye anahangaika, na anafanya vizuri. Hospitalini mapigo ya moyo yanahesabiwa: 34 kwa dakika. Kipimo cha umeme wa moyo kinaonyesha kuwa chemba za juu za moyo zinapiga kivyake na za chini kivyake, hazisikilizani tena. Inaandikwa rufaa, na siku mbili baadaye daktari wa moyo anawaambia kuwa bibi anahitaji betri.

Kisha inaletwa fomu ya ridhaa. Binti anaisoma mara mbili na kukwama kwenye mstari mmoja unaotaja hewa kuvuja kifuani na pafu kusinyaa.

"Daktari, mnakwenda kwenye moyo. Mbona mnanitajia mapafu?"

Ni swali zuri, na jibu lake linaeleza kwa nini altrasaundi imeingia katika kazi hii.

Namba ya tatu isiyosomwa

Kwanza moyo wenyewe. Kila pigo huanza na cheche ndogo ya umeme kwenye chemba ya juu ya kulia. Cheche hiyo hushuka kwa njia maalumu hadi chemba za chini, ambazo ndizo zinazosukuma damu kwenda mapafuni na mwilini. Mtu mzima aliyetulia kwa kawaida ana mapigo kati ya 60 na 100 kwa dakika, ingawa mwanamichezo anaweza kuwa chini ya hapo bila tatizo lolote. Kwa baadhi ya watu, hasa umri ukisogea, njia ya umeme huchakaa na kuwa kovu. Taarifa hazifiki chini. Chemba za chini hujitegemea na kupiga taratibu, mara 30 au 40, na wakati mwingine husita kwa sekunde kadhaa. Ubongo ukikosa damu kwa sekunde hizo, mtu anaanguka.

Familia nyingi zina nafasi ya kuliona tatizo hili mapema na zinaipita. Mashine za presha za kuvaa mkononi, zile zilizojaa kwenye maduka ya dawa, huonyesha namba tatu. Watu husoma mbili za juu, wakajadiliana kuhusu chumvi, na ile ya tatu, ambayo ni mapigo ya moyo kwa dakika, haisomwi na mtu. Moyo unaopiga polepole mno mara nyingi husukuma damu nyingi kwa kila pigo, hivyo namba ya juu ya presha hupanda. Mzee anaambiwa ana presha, anapewa dawa, na baadhi ya dawa za presha, kama atenolol, hupunguza mapigo zaidi. Dawa hizo zisiachwe kienyeji. Lakini namba ya tatu ikiwa chini ya 50 kwa mzee mwenye kizunguzungu au anayezimia, iandikwe na ipelekwe kwa daktari siku hiyo hiyo.

Kuna pia wale wanaozungushwa kwa mwaka mzima kwa jina la kifafa. Wengine hupelekwa kwa waganga, kwa kuwa mtu anayeanguka ghafla na kuinuka kama hakuna kilichotokea huonekana kachezewa. Kipimo cha umeme wa moyo huchukua dakika chache, hakiumi, na kinapatikana katika hospitali nyingi za mikoa.

Kutoka kifua wazi hadi tundu la sindano

Betri ya kwanza kuwekwa ndani ya mwili wa binadamu iliwekwa Sweden, Oktoba 8, 1958, katika hospitali ya Karolinska. Mgonjwa aliitwa Arne Larsson, mwenye miaka 43, ambaye moyo wake ulikuwa ukisimama mara nyingi kwa siku. Mke wake, Else-Marie, ndiye aliyemng'ang'ania daktari bingwa wa upasuaji Åke Senning na mhandisi Rune Elmqvist mpaka wakakubali kujaribu. Walilazimika kufungua kifua. Kifaa cha kwanza kilifanya kazi kwa saa chache tu kikafa, wakaweka kingine. Larsson alibadilishiwa vifaa zaidi ya 20 katika maisha yake na akafariki mwaka 2001 akiwa na miaka 86, kwa maradhi ambayo hayakuwa ya moyo. Alifariki baada ya Senning na Elmqvist wote wawili.

Siku hizi kifua hakifunguliwi kwa wagonjwa wengi. Mgonjwa anapigwa ganzi chini ya mtulinga, mara nyingi upande wa kushoto kwa kuwa watu wengi hutumia zaidi mkono wa kulia. Anakuwa macho au amepewa dawa ya kumtuliza. Daktari anachana ngozi kwa sentimita chache na kutengeneza mfuko mdogo wa kukaa betri, ambayo ni nyepesi na haizidi ukubwa wa kiberiti. Kutoka hapo waya mwembamba, au nyaya mbili, zinapitishwa ndani ya mshipa wa vena hadi moyoni, huku daktari akitazama kwenye mtambo wa eksirei. Vena zote za mkono huishia moyoni, kwa hiyo aliyeingia kwenye mshipa sahihi amekwishapata barabara. Njia ya kuingiza sindano, kisha waya, kisha mrija juu ya waya ilitangazwa mwaka 1953 na Msweden mwingine, Sven-Ivar Seldinger, na inatumika hadi leo karibu bila kubadilika.

Kazi ngumu ni kuupata huo mshipa, na hapo ndipo mapafu yanapoingia. Vena inayopita chini ya mtulinga iko bega kwa bega na ateri kubwa inayopeleka damu mkononi, na chini yake, umbali mdogo sana, ipo ncha ya juu ya pafu. Kwa miongo mingi madaktari wamechoma sindano sehemu hiyo kwa kufuata alama za mifupa na uzoefu wa mkono. Wengi hufanikiwa. Lakini mwili wa kila mtu una ramani yake. Sindano ikipita vena na kugusa pafu, hewa huvuja na kujaa kati ya pafu na ukuta wa kifua, pafu likasinyaa. Ikichoma ateri, damu huvuja. Uvujaji mdogo wa hewa unaweza kupona wenyewe chini ya uangalizi. Mkubwa unahitaji mrija wa kifuani na siku za ziada wodini, na kwa mzee mwenye mapafu dhaifu hali inaweza kuwa mbaya haraka.

Njia ya pili ni kuutafuta kwa kisu kidogo mshipa wa juujuu unaopita kwenye mfereji kati ya bega na kifua. Daktari anauona kwa macho yake, sindano haiendi karibu na pafu, na kwa hatari ya hewa kuvuja hakuna njia iliyo salama kuliko hiyo. Tatizo ni kuwa kwa watu wengine mshipa huo ni mwembamba kama uzi au umejikunja, waya haupiti, na daktari analazimika kurudi kwenye sindano.

Njia ya tatu ni kuchoma nje zaidi, karibu na kwapa, kabla vena haijaingia chini ya mtulinga. Hapo panahitaji kuona, kwa sababu mshipa umefunikwa na msuli. Wengine huchoma sirinji ya dawa ya rangi mkononi ili vena ionekane kwenye eksirei, lakini dawa hiyo si rafiki wa figo zilizochoka. Wengine huweka altrasaundi.

Anachokiona daktari

Kichwa cha mashine kinavishwa mfuko safi usio na vijidudu na kuwekwa juu ya ngozi, chini kidogo ya bega. Kwenye kioo hutokea viduara viwili vyeusi. Daktari anabonyeza kidogo. Kimoja kinabonyea kama mpira wa mchangani uliotoka upepo. Hicho ni vena. Kingine kinabaki mviringo na kinadunda. Hicho ni ateri, na sindano haitakiwi huko. Chini yao huonekana ubavu kama mstari mweupe, na pembeni mwa ubavu utando wa pafu unateleza kila mgonjwa anapovuta pumzi. Kila kitu kinachoogopwa kiko kwenye kioo kimoja.

Sindano inaingia ikionekana kama mstari unaong'aa. Ncha inapogusa vena, ukuta wa mshipa unabonyea kwanza, halafu unaachia, na damu nyeusi inarudi kwenye sirinji. Daktari anaweza pia kuona mambo ambayo mkono peke yake usingeyajua: vena iliyozibwa na damu iliyoganda, au vena inayojifunga kila mgonjwa anapovuta pumzi kwa sababu mwili umekaukiwa maji. Katika hali hiyo miguu inainuliwa au dripu inaongezwa, mshipa unajaa, ndipo kazi inaendelea. Hakuna mionzi katika hatua hiyo na hakuna dawa ya rangi.

Faida nyingine huonekana baada ya miaka. Waya uliopita kwenye uwazi mwembamba kati ya mtulinga na ubavu wa kwanza hubanwa kila mkono unapoinuliwa, na unaweza kukatika. Uliopitia karibu na kwapa haubanwi hivyo.

Hatari yenyewe ni kubwa kiasi gani? Nchini Denmark, ambako kila betri inayowekwa huandikwa kwenye daftari la taifa, watafiti walifuatilia wagonjwa 28,860 waliowekewa kati ya mwaka 1997 na 2008. Waliopata hewa kifuani kiasi cha kuhitaji mrija walikuwa asilimia 0.66, yaani chini ya mmoja kati ya mia. Hatari ilikuwa kubwa zaidi kwa wanawake, kwa waliovuka miaka 80, kwa wenye ugonjwa sugu wa mapafu, na kwa waliochomwa sindano chini ya mtulinga badala ya kupitia mshipa ule wa juujuu. Mwaka 2021 mwongozo wa madaktari wa moyo wa Ulaya ulisema mshipa huo wa juujuu au ule wa karibu na kwapa ndiyo ifikiriwe kwanza. Wazo la kutazama kabla ya kuchoma si geni: Uingereza ilishauri altrasaundi kwa mipira ya kwenye mishipa mikubwa ya shingo tangu mwaka 2002.

Hata hivyo mashine haichomi sindano yenyewe. Daktari aliyezoea mshipa wa juujuu kwa miaka 20 ni salama kuliko aliyeshika altrasaundi kwa mara ya tatu. Ncha ya sindano inaweza kupotea kwenye picha, na asiye mzoefu akadhani anaiona. Mgonjwa mnene pia ana vena iliyo ndani zaidi na picha hufifia.

Na familia isije ikageuza habari hii kuwa sababu ya kuahirisha. Bibi mwenye mapigo 34 anayezimia yuko kwenye hatari kubwa kuliko ile ya sindano, kila siku anayokaa nyumbani akisubiri kikao cha ukoo. Mtu asikatae betri kwa kuwa hospitali haina altrasaundi chumbani.

Anachoweza kuuliza mtoto wa mgonjwa

Binti wa Mbagala aliuliza kuhusu mapafu na hakuna aliyemkaripia. Daktari alimchorea mtulinga, vena na pafu nyuma ya karatasi ya vipimo, kisha akamgeukia bibi.

"Mama, umeelewa tutakapopita?"

"Nimeelewa, mwanangu. Ila msinichome huko kwenye pumzi."

Maswali mengine yanayofaa ni haya: mshipa gani utatumika, na wa kwanza ukishindikana mnahamia wapi? Altrasaundi ipo? Daktari atakayefanya amezoea njia ipi? Eksirei ya kifua itapigwa baadaye kuhakikisha pafu liko sawa? Hakuna utovu wa adabu katika kuuliza hivyo. Kauli ya "ni operesheni ndogo tu", ambayo hutolewa kwa nia njema kutuliza watu, haijibu hata swali moja kati ya hayo.

Familia nayo ina ya kusema bila kuulizwa. Kama mgonjwa ana pumu au kifua sugu, kama aliwahi kuwekewa mpira wa kusafisha damu upande huo, kama alifanyiwa upasuaji wa titi na mkono ukavimba, daktari ayajue kabla ya kuchagua upande. Dawa za kuzuia damu kuganda zitajwe kwa jina, au boksi lake liletwe. Si lazima ziachwe: utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kuwa kwa wagonjwa waliohitaji warfarin, kuendelea nayo kulileta uvimbe mchache wa damu kwenye mfuko wa betri kuliko kuisimamisha na kuweka sindano za heparin katikati. Anayeamua ni daktari, si shangazi aliyesikia kuwa dawa hiyo "inamwaga damu". Kufunga kula nako kuwe kwa saa zilizoelekezwa. Mzee aliyenyimwa hata maji tangu jana mchana "kwa usalama" hufika na mishipa iliyosinyaa.

Wazazi wa watoto wadogo wana habari yao tofauti. Mtoto anaweza kuzaliwa njia ya umeme ya moyo ikiwa imekatika, mara nyingi kwa sababu ya chembe za kinga za mama, aina ya anti-Ro, zinazovuka kondo la nyuma. Mama anaweza kuwa nazo bila kujua kuwa anaumwa chochote. Mapigo ya polepole ya mtoto tumboni mara nyingi hugundulika kati ya wiki ya 18 na ya 24. Kwa kichanga, vena huwa ndogo mno kwa waya, hivyo daktari wa upasuaji hushona nyaya nje ya moyo na kuweka betri tumboni. Anapokua, njia ya mshipa inaweza kufikiriwa.

Kwa Tanzania, betri hizi huwekwa katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, na mgonjwa wa mkoani hufika kwa rufaa. Suala la malipo na bima liulizwe mapema, kwa maandishi, kabla ya nauli kukatwa.

Bibi akirudi nyumbani, mkono wa upande wa betri usiinuliwe juu ya bega kwa wiki chache, mpaka nyaya zishike. Hiyo ina maana hakuna kubeba mjukuu wala kutwanga, na mtu mwingine ashike kazi hizo. Bega lisifungwe kabisa lakini, maana litakakamaa. Simu ikae angalau sentimita 15 kutoka kwenye betri, kwa hiyo si kwenye sidiria upande ule, mahali ambapo mama wengi huihifadhi. Akipata maumivu ya kifua au kukosa pumzi ghafla, mfuko ukivimba, kuwa mwekundu au kutoa maji, akipata homa, mkono ukivimba, kwikwi isiyokoma, au akizimia tena, arudishwe hospitali bila kusubiri kliniki. Na asiizungushe betri chini ya ngozi kwa vidole. Wapo wanaofanya hivyo kama mchezo, nyaya zikajiviringisha na kung'oka moyoni.

Mjukuu mkubwa, wa miaka saba, alikuwa na swali lake moja: bibi atachajiwa wapi umeme ukikatika? Si la kuchekwa, maana betri ile ya kwanza ya Larsson kweli ilichajiwa kutoka nje kupitia ngozi. Za sasa hazichajiwi. Hudumu miaka kadhaa, nyingi kati ya minane na kumi na miwili, na kliniki huzipima kila mara kujua zimebaki na kiasi gani. Ikikaribia kuisha, mfuko hufunguliwa, betri inabadilishwa, na nyaya zile zile kama ni nzima huunganishwa kwenye betri mpya bila mshipa kuchomwa tena.